Somo: Kupaka lanolini kwenye ngozi kavu bila kujiharibu

Kusi imeanza, na kwenye duka letu la dawa hapa Ngamiani, Tanga, haipiti siku bila kuingia mtu mwenye magaga, midomo iliyopasuka au mikono iliyoliwa na sabuni ya kufulia. Wengi siku hizi wanaulizia lanolini, na sifa wanayoitaja ni moja: ya asili. Sawa, ni ya asili. Upupu nao ni wa asili.

Lanolini ni nta inayotoka kwenye tezi za ngozi ya kondoo, ndiyo inayozuia sufu yake isilowe mvua. Sufu ikishakatwa huoshwa kiwandani, nta ikatengwa na kusafishwa. Kondoo hawa tunaowaona wakishushwa kutoka Handeni wana nywele fupi tu, hawana sufu ya kukamuliwa kitu. Nchi za kondoo wa sufu ni kama Australia na New Zealand. Wala msiichanganye na mafuta ya mkia wa kondoo. Yale ni shahamu, hii ni nta.

Sasa shikeni hili, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Lanolini haileti maji kwenye ngozi, inayazuia yaliyopo yasitoke. Ina uwezo wa kubeba maji karibu mara mbili ya uzito wake, na juu ya ngozi inaacha utando. Ukiipaka mchana kweupe kwenye ngozi iliyokauka kau, umefunika sufuria tupu.

Hatua ya kwanza, soma kopo. Tafuta iliyosafishwa kwa matumizi ya ngozi, isiyo na manukato, na utazame tarehe ya kwisha muda. Inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na jina, iache hapohapo.

Hatua ya pili, jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7, palepale. Najua siku 7 ni nyingi kwa mtu anayewashwa. Lakini aleji ya lanolini haiji papo hapo kama ya kuumwa na nyuki. Inaweza kuchukua siku kadhaa ndipo ngozi iwashe, ivimbe au itoe vipele. Ikitokea, osha, acha, na usirudie hata kwa kopo la aina nyingine. Wasiodhurika nayo ni wengi, ila wenye pumu ya ngozi na wenye vidonda vya miguu vya muda mrefu ndio wanaopata aleji hii zaidi, na ndio haohao wanaoitafuta. Mimi mwenyewe nilimpaka mama yangu pembeni ya kidonda cha mguu bila kujaribu, nikijiona mjuzi kwa kuwa nauza dawa. Siku ya nne mguu ulikuwa mwekundu hadi gotini, na yeye, Mungu amweke, akaniuliza kama hiyo dawa nimeisomea wapi.

Hatua ya tatu, kupaka. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha, na sabuni isiyo na harufu kali. Jikaushe kwa kugusagusa na kanga, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, chukua kiasi cha punje ya mbaazi, kisugue viganjani mpaka kilainike (nta hii huyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili), kisha pitisha kufuata nywele zinakolalia. Kwa magaga, paka usiku na uvae soksi za pamba.

Usipake kwenye kidonda kinachotoa maji au usaha, kwenye fangasi, wala kwenye vipele vya joto. Kaskazi ikivuma na jasho likitiririka, utando mzito unazidisha vipele hivyo. Na jikoni jihadhari: kanga au shuka lililolowa mafuta ya ngozi hushika moto upesi, na kufua hakuyaondoi yote. Usiinamie jiko la mkaa ukiwa umejifunga hilo.

MASWALI

Shikamoo mama. Nanyonyesha, chuchu zimechubuka. Je, niifute kabla mtoto hajanyonya?

Marahaba mwanangu, hongera. Ile iliyosafishwa na kutengenezwa kwa ajili ya chuchu haina haja ya kufutwa. Paka kidogo kila baada ya kunyonyesha. Ila chuchu huchubuka mara nyingi kwa sababu mtoto amekamata ncha tu. Nenda kliniki wakuoneshe namna ya kumpakata, la sivyo utapaka mpaka kopo liishe.

Naweza kuichanganya na tyubu ya dawa ya kuwasha niliyonunua, ili ifanye kazi haraka?

Usichanganye, shoga. Nyingi ya tyubu hizo zina steroidi, na utando mzito juu yake huifanya ipenye zaidi kuliko ulivyopangiwa. Mkorogo ndiyo kabisa, usiniulize. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyoanza kutoa majimaji na magamba ya njano, mpelekeni hospitali ya Bombo, si dukani kwangu.

Ni halali? Na udhu unashika?

Kwa kawaida sufu hukatwa kondoo akiwa hai, bila kuchinjwa. Kuhusu udhu, la fatwa muulize shehe wako. Langu ni la ngozi tu, nami nasema ukipaka nene, maji yanateleza juu, unaona kwa macho. Mimi hupaka baada ya Isha, nikalala nayo, alfajiri naosha kwa sabuni.

Mimi ni mvuvi, mikono inapasuka kwa chumvi na kamba. Kopo likibaki naweza kupaka boliti za mashine ya boti?

Kaka yangu, naam, nta hii inazuia kutu, wenye boti wanaitumia kweli. Lakini tenga makopo mawili. Ukishachovya kidole chenye grisi, hilo la mkono limeshakuwa la boti.