Prosesa ya kubana video haraka: angalia nini kabla ya kulipa

Kwanza jua programu yako inabana kwa njia gani. HandBrake (programu ya kubana video) ikitumia x264 au x265, yaani visimbaji vya kubana video kwa programu tu, kazi yote inabebwa na viini (cores) vya prosesa, hivyo Ryzen 9 7950X ya AMD yenye viini 16 itaiacha mbali Ryzen 7 7700 yenye viini 8. Lakini usitarajie muda upungue nusu kamili: kwa video ya 1080p, viini vikizidi sana baadhi hukaa bure, na faida huonekana zaidi kwenye 4K. Matoleo ya X3D, yaani Ryzen zilizoongezewa kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa), waachie wacheza gemu. Kashe ile kubwa haisaidii sana hapa.

Ukitaka kasi kuliko faili dogo, tumia Quick Sync, sehemu maalumu ya kubana video iliyo ndani ya prosesa za Intel. Hapo ndipo wengi hunaswa: prosesa ya Intel i5-12400F ni nafuu, ila herufi F maana yake haina chipu ya michoro, na Quick Sync imo humo humo. Chukua 12400 ya kawaida.

Kabla ya kubadilisha chochote, kata kipande cha dakika 2, kibane, huku Task Manager ya Windows (inayoonyesha prosesa inatumika kiasi gani) iko wazi. Prosesa ikigota 100%, ndiyo inayokuchelewesha. Ikibaki 40%, chunguza vichujio vya picha ulivyowasha, hasa cha kuondoa chembechembe, au diski. Ikianza kwa kasi kisha GHz (kasi ya prosesa) zikashuka, tatizo ni joto: futa vumbi kwenye feni, paka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa.