Somo: Kuchagua godoro na topa kwa wenzi wanaolala kitanda kimoja

Wengi wanaoniagiza kitanda hapa Keko, Dar es Salaam, hutumia siku kadhaa kuchagua mbao na nakshi za ubao wa kichwani, kisha huliacha suala la godoro hadi jioni ya kuhamia. Ninaandika somo hili kwa sababu mimi na mke wangu tulilala vibaya miaka mitatu kabla ya kuelewa kwamba godoro na topa zina kazi mbili tofauti. Godoro hubeba uzito. Topa, yaani lile tandiko la inchi 2 au 3 linalowekwa juu yake, hulainisha mahali mwili unapogusa. Kwa hiyo godoro lichaguliwe kwa kumfikiria aliye mzito zaidi, na topa kwa kumfikiria aliye mwepesi au anayelala ubavu.

Hatua ya kwanza: jueni mnavyolala

Mimi nina kilo 96 na hulala chali. Mke wangu ana kilo 57 na hulala ubavu. Anayelala ubavu huuweka uzito wake begani na nyongani, na akilazwa juu ya kitu kigumu mno huamka mkono umekufa ganzi. Wa chali huhitaji kiuno kishikiliwe, na wa kifudifudi huhitaji ugumu zaidi kuliko wote, kwa kuwa tumbo likizama mgongo hupinda usiku kucha. Semezaneni pia ni nani anayesikia joto na ni nani anayegeuka mara nyingi.

Hatua ya pili: lipimeni godoro kwa mizani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Muuzaji akisema godoro ni "haidensiti", mnunuzi hulibonyeza kwa kiganja, huliona gumu, na huamini. Lakini densiti ni uzito wa sponji katika kila mita moja ya ujazo, na ugumu ni jambo jingine kabisa: sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ikapendeza dukani, kisha ikashika bonde mapema. Mizani haidanganyiki kwa kiganja. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ukubwa wa mita za ujazo 0.57 hivi, likiwa na densiti ya kilo 18 litakuwa na uzito wa kilo 10 tu, na likiwa na densiti ya kilo 30 litafika kilo 17, mbali na kitambaa chake. Kwa watu wazima wawili, mimi binafsi sishauri kushuka chini ya hiyo 30, hata kama itabidi kungoja mwezi mmoja zaidi ili fedha zitimie.

Mkipenda godoro la springi, ulizeni kama springi zimeungana au kama kila moja imeshonewa mfuko wake. Zilizoungana huvutana, kwa hiyo mmoja akigeuka mwenzake hutikiswa. Za mifukoni hushuka kila moja peke yake.

Kuhusu ugumu, wazee wetu wengi wanaamini kwamba mgongo unaouma hutibiwa na godoro gumu kama ubao. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, na baada ya siku 90 waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliolalia gumu.

Hatua ya tatu: lilalieni dukani, nyote wawili

Najua kwamba wengi huona haya kulala mbele za watu. Chukueni kanga mtandike juu ya nailoni, kisha kila mmoja alale kwa dakika 10 katika mkao wake wa usiku. Aliyelala chali apitishe kiganja chini ya kiuno: kikipita bila kugusa chochote, godoro ni gumu mno kwake, kikikwama kabisa, amezama.

Hatua ya nne: chagueni topa

Memori fomu, ambayo ilianza mwaka 1966 katika kazi ya viti iliyofanywa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, hulainika kwa joto la mwili na kulikumbatia umbo la mtu. Bega hupumzika vizuri sana, lakini joto nalo hunaswa humo, na kwa sisi wa pwani miezi ya Desemba hadi Machi huwa mateso. Huko Lushoto au Njombe hali hugeuka: usiku wa baridi huanza ikiwa ngumu, na huhitaji muda kulegea. Lateksi, itokanayo na utomvu wa mpira, hurudi upesi inapobonyezwa na hupitisha hewa vizuri zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Msiidharau sufi pia. Fundi mzuri wa magodoro akiishona kwa vyumba vidogo vidogo haikimbilii pembeni, na ikianikwa juani huumuka upya.

Mkitofautiana sana, nunueni godoro moja la futi 6 kwa 6, na juu yake topa mbili za futi 3 kwa 6, kila mmoja yake, kisha mfunike zote kwa shuka moja. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Hatua ya tano: chaga na chandarua

Nafasi kati ya chaga isizidi sentimita 7. Topa ya inchi 3 huinua kitanda, kwa hiyo hakikisheni kwamba chandarua bado kinafika kuchomekwa chini ya godoro.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo fundi. Godoro letu limeshika bonde katikati. Je, topa itaondoa tatizo?

Marahaba. Hapana, topa hufuata umbo la kilicho chini yake. Kwanza liweke godoro sakafuni. Bonde likipotea, kosa ni la chaga au la mguu wa katikati, nalo hurekebishika kwa gharama ndogo. Likibaki, godoro limekwisha.

Fundi, sisi tuko Tanga na topa yetu inanuka ukungu kwa chini. Tumekosea wapi?

Jasho na unyevu wa bahari vimekosa pa kutokea, hasa kama chini ya godoro mmeweka ubao mzima badala ya chaga. Iinueni kila wiki ipate upepo. Ya sufi ianikeni juani; ya lateksi na memori fomu iwekeni kivulini, kwa maana jua kali huzichakaza.

Tuna mtoto wa miezi miwili, naye hulala kati yetu. Topa laini si itamfaa zaidi?

Dada yangu, tafadhali usifanye hivyo. Mtoto mchanga akigeuza uso kwenye kitu laini hana nguvu ya kujiinua, na anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti. Mlaze chali mahali pake mwenyewe, karibu nanyi, juu ya godoro dogo tambarare na gumu, bila mto na bila topa.