Namna ya kuhesabu viini vidogo kwenye seli za saratani kabla hujataja interferoni

Vijana wanaokuja kujifunza hadubini kwangu hapa Kampala, wengine kutoka Arua, wengine Bunia na Kisumu, huwa na haraka ya kufika kwenye interferoni, protini ambazo seli hutoa kutangaza hatari. Wamesoma habari za cGAS na STING, protini zinazoishtua seli zikikuta DNA mahali pasipo pake, wanataka kuona kengele hiyo ikilia. Mimi huwaambia: mwanangu, nionyeshe kwanza kwamba unajua kiini kidogo ni kipi na uchafu ni upi.

Seli inapogawanyika, kromosomu iliyochelewa njiani huvikwa utando wake yenyewe, kando ya kiini kikubwa: hicho ndicho kiini kidogo. Utando huo ni dhaifu. Ukipasuka, DNA hubaki wazi, na cGAS, protini iliyoelezwa na maabara ya Zhijian Chen kule Dallas mwaka 2013, huishika. Ikiamka hutengeneza cGAMP, molekuli ndogo ya ujumbe, ambayo huamsha STING. Kisha protini TBK1 na IRF3 hufuata, na interferoni huanza kutengenezwa. Ni kinga ya asili dhidi ya virusi, ila hapa inapambana na kromosomu za seli yenyewe.

Anza hivi. Otesha seli juu ya vioo vyembamba vya kufunikia slaidi, zisisongamane. Weka dawa ya saitokalasini B: seli itagawanya kiini lakini mwili wake hautagawanyika, kwa hiyo kila seli yenye viini viwili umeihakikisha kuwa imepita mgawanyiko mmoja. Zigandishe kwa parafomaldehaidi ya asilimia 4, dakika 10 hadi 15, osha, kisha weka DAPI, rangi inayoishika DNA na kung'aa bluu. Hatua hizi zimo katika kila mwongozo, sina la kuongeza.

La kuongeza ninalo kwenye kuhesabu. Kiini kidogo halali kina kipenyo kati ya sehemu moja ya 16 na theluthi ya kiini kikubwa. Ni cha mviringo, rangi yake inalingana na ya kiini kikubwa, hakijaunganishwa nacho kwa uzi, na ukingo wake unaonekana. Zungusha kirekebisha fokasi polepole, juu na chini. Kitu kinachong'aa kwa namna yake na kubaki juu wakati seli imezama ni vumbi. Seli iliyovunjika vipande vingi vilivyokolea, imesinyaa, iache: inakufa, na vipande vyake si viini vidogo. Hesabu seli 1,000 zenye viini viwili, si zile mia za kwanza zilizokupendeza. Na mtu anayehesabu asijue slaidi ipi imepewa dawa. Funika lebo kwa plasta.

Sasa angalia saitoplazimu. Ukiona vidoti vidogo sana vya bluu vimetapakaa pembeni mwa seli, na hata katikati ya seli na seli, simama hapo hapo. Hiyo ni maikoplazima. Ni bakteria wasio na ukuta, hawayatibui maji ya kuoteshea kama bakteria wengine, na DNA yao inaweza kuigusa cGAS. Matokeo yote ya kinga utakayopata humo hayana maana. Pima kwa PCR, kipimo kinachozidisha DNA ili ionekane, tupa chupa hiyo, safisha inkubeta, anza na seli zilizohifadhiwa kwenye naitrojeni. Wenye maabara hawapendi kusikia neno hili, lakini litaje mapema.

Kama hadubini yenu bado ina taa ya zebaki, umeme ukikatika usiiwashe tena ikiwa bado ya moto. Isubiri ipoe, karibu nusu saa. Wakati huo andika daftari.

Ukishaviamini viini vyako, paka kingamwili inayong'aa inayoishika cGAS. Kile kilichopasuka hung'aa sana, kizima hakina kitu. Usiishie hapo lakini: cGAS ikishikwa na nukleosomu, yaani DNA iliyozungushwa kwenye protini zake, huzuiwa kufanya kazi, kwa hiyo kung'aa pekee si kengele. Pima IRF3 iliyotiwa fosfeti, au RNA ya CXCL10, jeni inayowaka kengele ikilia. Na kama umezipiga seli mionzi ili zitoe viini vidogo, usipime saa chache baadaye. Seli lazima zipite mgawanyiko kwanza, jambo linalochukua siku kadhaa.

Uchaguzi wa seli ndio unaowaangusha wengi. Wengi huanza na HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi, kwa sababu ipo kila mahali. Imebeba virusi vya HPV 18, na protini yao E7 huizuia STING. Kwetu Uganda, ambako saratani ya shingo ya kizazi inaongoza kwa wanawake, jambo hilo ni la kuchunguzwa kwa haki yake, lakini usiifanye HeLa kuwa kipimo cha seli inayosikia kengele. Weka kando yake seli ambayo umeipa cGAMP moja kwa moja ikajibu. Seli isipoijibu cGAMP, tatizo liko kwenye hatua zinazofuata cGAS, hata ukivihesabu viini mpaka usiku.

Ukipata viini vingi na interferoni kidogo, usidhani umekosea. Mwaka 2018 kundi la Samuel Bakhoum lilionyesha kwamba seli zenye kromosomu zisizotulia zinaweza kutumia STING kuwasha njia nyingine, ile ya NF-kB (protini zinazowasha jeni) isiyo ya kawaida, zikasambaa mwilini. Kwa hiyo pima pia p52, protini ya njia hiyo. Tarehe, namba ya chupa ya DAPI na jina la aliyehesabu viandikwe kwenye ukurasa ule ule.