Usianze na China, anza Kwihara

Nafundisha historia hapa Tabora, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, nami naweza kuwa mtafiti wa biashara za kale za Asia?" Unaweza. Nenda kwanza Kwihara, hapa jirani na Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Wageni humuulizia Livingstone. Wewe ulizia mizigo ya wapagazi. Kaniki, kitambaa cheusi, ilitoka India, merikani, kitambaa cha pamba, Marekani, na pembe nyingi za ndovu zilizoshuka pwani zilipitia Bombay.

Halafu vipimo. Hapa ndipo nilipoumbuka: katika andiko langu la kwanza nilijumlisha frasila, kipimo cha uzito, za bandari tofauti kana kwamba ni moja. Ya Unguja ni karibu pauni 35, kwingine ilipungua. Msimamizi wangu aliujaza ukurasa wino mwekundu. Basi jua doti na gora (vipimo vya nguo), rupia ya India, na ile riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha, ambayo hata iliyotengenezwa karne ya 20 imeandikwa 1780 (tarehe ya sarafu isikudanganye).

Lugha nayo. Kigujarati kitakufungulia daftari za wafanyabiashara wa Kihindi. Ukiipenda Indonesia, soma Kiholanzi: VOC, kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Asia, ilianzishwa 1602 na makaratasi yake mengi yako The Hague. Ya kampuni ya Waingereza, East India Company, yako London. Ya karibu yako Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa. Beba penseli, sweta na subira.

Ajira? Utafundisha, kama mimi, na utafiti utaufanya likizo.