Maganda ya Risasi za Kaliba Ndogo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwita Fundi

Ganda likikwama ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, au likitoka limepasuka, wengi wetu huilaumu bunduki na kuanza kuifungua papo hapo juu ya meza ya uwanja wa shabaha. Namshauri mwenye bunduki ya kaliba ndogo, iwe .22 ambayo pini yake hugonga ukingo wa kitako cha risasi au .223 yenye fataki, yaani kifuniko kidogo kinachowasha baruti, katikati ya kitako, ajiandae kuyasoma maganda yake kabla ya kugusa skrubu yoyote, kwa kuwa ganda hutoka na alama za kila lililotokea ndani ya chemba.

Kibali na kumbukumbu za silaha ziwe mkononi, kama inavyompasa kila mmiliki chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na miwani ya kukinga macho isiachwe nyumbani, kwa maana ganda likipasuka kitakoni hurudisha nyuma gesi ya moto kuelekea uso wa mpigaji.

Linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi hapa Dar es Salaam ni mahali risasi zilipohifadhiwa. Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, takriban asilimia 70, na zinki, takriban asilimia 30, na mchanganyiko huo una adui mmoja asiyezungumzwa sana, naye ni amonia. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda yamepasuka yenyewe ghalani wakati wa mvua za monsuni, na mwaka 1921 ndipo wanasayansi Moore na Beckinsale walipoeleza kwamba amonia, unyevu na mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu kiwandani vilifanya kazi hiyo kwa pamoja. Basi anayefuga kuku uani asiweke risasi kwenye stoo inayopakana na banda, na anayetumia dawa ya kusafishia mtutu yenye amonia aifute yote kabla ya kupakia risasi. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani juu ya ganda, hasa miezi ya masika. Kasha linalofunga vizuri lenye vifuko vya kufyonza unyevu, ndani ya kabati la silaha lililofungwa kwa ufunguo, husaidia sana. Risasi yenye kutu iliyochimba shimo isipigwe, hata kama ni ya mwisho kwenye boksi.

Uwanjani, maganda yapangwe kwa mfuatano yalivyotoka, na risasi za maboksi tofauti zisichanganywe, kwa sababu bila mpangilio huo haiwezekani kujua kama kosa ni la risasi au la bunduki. Ufa wa urefu shingoni mwa ganda la .223, hasa lililowahi kujazwa upya, mara nyingi huonyesha chuma kilichokakamaa. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, ni jambo zito zaidi: ganda limevutika na linakaribia kukatika vipande viwili, na huenda nafasi kati ya bolti, yaani kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, na chemba yenyewe imezidi kipimo, hivyo upigaji usimame hapo hapo. Fataki iliyobonyea bapa kabisa pamoja na bolti nzito kufunguka ni ishara ya mgandamizo mkubwa kupita kiasi. Masizi kidogo shingoni ni kawaida, ila yakishuka hadi ubavuni, ganda halikuziba chemba sawasawa.

Kwa .22, kukwama kwa ganda mara nyingi huanzia kwenye uchafu. Risasi fupi za .22 zikipigwa kwa wingi katika chemba ya risasi ndefu huacha pete ya nta, madini ya risasi na masizi mbele yake, kisha risasi ndefu hubanwa hapo. Chemba isafishwe na ikaushwe, kwani mafuta yanayobaki ndani yake huongeza msukumo wa ganda juu ya bolti.

Risasi isipolipuka, mtutu ubaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa sekunde 30 angalau kabla ya kufungua bolti. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine mpaka bunduki itolewe risasi zote na mtutu uhakikishwe kuwa wazi.

Jambo la mwisho la kukagua ni ukingo wa mlango wa chemba. Bunduki nyingi za .22 zikifyatuliwa tupu, pini hugonga ukingo huo na kuubonyeza, na kila ganda likatoka na mkwaruzo mahali pale pale. Mkwaruzo wa namna hiyo ukionekana, maganda matano au sita yatiwe kwenye bahasha, iandikwe aina ya risasi na tarehe, na ipelekwe pamoja na bunduki kwa fundi mwenye leseni. Tupa ya nyumbani isiguse chemba.