Cinque Terre: anza na boti, si treni
Ukifika Cinque Terre, vijiji vitano vya pwani nchini Italia, tazama bahari kwanza. Ikichafuka, boti hazitoki, kwa hiyo siku ya maji shwari itumie majini. Treni ya La Spezia–Levanto, inayopita vijiji hivyo, ipo hata mvua ikinyesha. Kijiji cha Corniglia hakina gati, boti hukipita tu. Ukishuka stesheni yake unakabiliwa na ngazi 382, au panda basi dogo. Tiketi ya treni ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, usije ukapigwa faini. Kadi ya treni haikulipii boti. Kijiji cha Monterosso hadi cha Vernazza kwa miguu ni kama saa mbili, vidato vya mawe vyembamba. Kandambili ziache begini.