Kukagua na kutunza gari la haibridi lililotumika: hatua ninazofuata mimi

Wiki tatu zilizopita shemeji aliniita nimtazamie gari la haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme) alilokuwa amelipenda. Nilimkuta ameshapatana bei na mwenye gari, pesa tayari, kilichobaki ni mimi kusema "sawa". Baada ya saa moja na nusu nilimwambia tuliache, na kesho yake tukaenda kutazama jingine. Maswali aliyoniuliza njiani ni yale yale ninayoulizwa na karibu kila anayeingia kwenye magari haya kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nayaandika hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Mifano yangu mingi ni ya Toyota, maana mfumo wake ndio ninaoufungua mara kwa mara.

Hatua ya 1: Jua unanunua haibridi ya namna gani

Kuna haibridi nyepesi, ambayo mota yake ndogo inaisaidia tu injini. Kuna haibridi kamili, kama Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, inayoweza kwenda kwa umeme peke yake kwa mwendo mdogo na kujichaji yenyewe unapokanyaga breki. Halafu kuna ya kuchomeka, yenye betri kubwa zaidi. Kama huna mahali pa kuchomeka gari kila usiku, achana na ya kuchomeka. Utabeba uzito wa betri ambayo huitumii.

"Itaniokolea mafuta?" Ukiendesha kwenye foleni, ndiyo, na utaona tofauti mapema, kwa sababu kila unaposimama unarudisha kitu kwenye betri. Kama safari zako ni barabara kuu kwa mwendo mmoja saa nzima, faida inapungua sana. Mtu wa namna hiyo huwa namshauri anunue gari la kawaida lililotunzwa vizuri.

Hatua ya 2: Karatasi

Linganisha namba ya chesisi na hati, omba rekodi za matengenezo, endelea.

Hatua ya 3: Fika gari likiwa baridi

Mwambie mwenye gari mapema asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, ahirisha au subiri. Gari likiwaka baridi, sikiliza injini kwa nusu dakika ya mwanzo. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu yenye injini ya lita 1.8, mtetemo mkali wa kugongagonga wakati wa kuwaka baridi ni ishara mbaya. Mara nyingi njia ya kurudishia moshi kwenye injini imeziba masizi, na gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha maji. Mtetemo huo hupotea injini ikipata moto, ndiyo maana wengine hukupokea na gari ambalo limeshawashwa.

Hatua ya 4: Betri kubwa

Hapa ndipo pesa ya mnunuzi inapookoka au kupotea, kwa hiyo nitakaa sana.

Betri kubwa, ile inayoendesha mota, si kitu kimoja. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28 zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua ina moduli 20, jumla volti 144. Ndani ya kila moduli kuna seli sita za volti 1.2. Kwa kuwa umeme wote unapita katika seli zote kwa zamu, seli moja iliyochoka inalirudisha nyuma pakiti zima, yaani betri yote, hata kama nyingine zote ni nzima.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimkagulia mwalimu mmoja gari. Nilichomeka kipimo cha kusoma kompyuta ya gari, hakikuonyesha kodi yoyote (namba ya hitilafu). Niliendesha dakika kumi, gari tulivu, dashibodi safi. Nikamwambia anunue. Siku ya nne alirudi na pembetatu nyekundu kwenye dashibodi na kodi P0A80, ile inayosema pakiti la betri limechoka. Nilikaa naye siku nzima nikitafuta nilichokikosa. Nilikipata jioni, katika ukurasa wa kipimo ambao sikuwahi kuufungua: umbali uliotembea tangu kodi zifutwe. Ulizidi kidogo tu safari zake tangu alinunue pamoja na njia niliyoendesha siku ya ukaguzi. Maana yake kodi zilikuwa zimefutwa asubuhi ile ile, kabla hatujafika. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo huo ndio ukurasa wa kwanza ninaoufungua.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomeka adapta kwenye tundu la uchunguzi chini ya dashibodi upande wa dereva. Usinunue adapta ya bei ya chini kabisa. Nyingi huruka data, na utadhani betri ni mbovu kumbe kifaa ndicho kibovu. Kwenye simu, programu za Dr. Prius na Hybrid Assistant zote zinaonyesha volti za betri kipande kwa kipande. Kabla ya volti, tafuta mambo mawili: umbali tangu kodi zifutwe, na kama vipimo vya ndani vya kompyuta ya gari vimekamilika. Umbali ukiwa mfupi mno, au vipimo vingi vikiwa havijakamilika, muulize mwenye gari kwa nini. Inawezekana alibadilisha betri ndogo ya volti 12 au fundi alifuta kodi baada ya matengenezo halali, na hapo ataweza kukueleza. Akibabaika, ondoka. Gari la kwanza la shemeji lilikuwa na kilomita sita tu tangu kufutwa, na mwenyewe hakuwa na jibu.

Likipita hapo, endesha dakika ishirini hivi, mjini na barabara ya wazi, ili injini na betri vyote vipate joto la kazi. Usipime mapema. Injini ikiwa baridi huwaka ili ijipashe moto tu, na utadhani betri haishiki chaji. Kisha tazama vipande vyote kwa pamoja. Prius niliyoitaja inaonyesha vipande 14, yaani moduli mbili mbili. Kanyaga mafuta kwa nguvu kutoka mwendo mdogo, huku mwenzako akitazama simu (usitazame wewe unayeendesha). Vipande vyote vitashuka, na hilo ni kawaida. Unachotafuta ni kipande kinachotangulia kushuka na kuzama chini ya wenzake, halafu ukipiga breki na betri ikaanza kuchaji, kipande hicho hicho kikaruka juu kuliko wenzake. Kinachofanya yote mawili ni kigonjwa, kwa sababu chombo kidogo hujaa haraka na hukauka haraka. Tofauti ya sehemu ya kumi mbili tatu za volti haininyimi usingizi. Kipande kikiwa chini ya wenzake kwa volti moja na zaidi hata gari likiwa limetulia, huenda seli nzima imekufa, maana seli moja ni volti 1.2.

Jaribio la pili halihitaji hata simu. Simama mahali tambarare, gari likiwa READY (neno hilo likiwaka kwenye dashibodi, gari liko tayari kwenda), gia kwenye P, kiyoyozi hadi mwisho, taa zote ziwake. Tazama muda injini inaokaa kimya kabla ya kuwaka kuchaji. Betri nzuri hukaa dakika kadhaa, injini inawaka kuichaji, inazima, na mzunguko unajirudia kwa utulivu. Betri ikiwa imechoka, injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na alama ya chaji kwenye skrini inaruka kutoka juu hadi chini ndani ya dakika moja au mbili. Sikiliza pia feni ya betri karibu na siti ya nyuma. Ikivuma kwa nguvu baada ya safari fupi, betri inapata joto kupita kiasi, na itakubidi ujue kama ni vumbi au ni ugonjwa.

Sina imani na asilimia ya "afya ya betri" inayotolewa na programu. Ni makadirio. Ninaamini volti chini ya mzigo.

Na kama betri ni mbovu lakini gari ni zuri? Utaambiwa moduli moja tu ndiyo mbovu, ibadilishwe. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi na sasa naikataa. Moduli ngeni katikati ya zilizozeeka haziendani, na baada ya miezi michache inakufa ya jirani, kisha ya tatu, na kila mara unalipa ufundi upya. Badilisha pakiti zima, au liache gari. Na yeyote atakayelifungua pakiti achomoe plagi ya usalama, asubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota) uishe, avae glavu za kuzuia umeme. Kebo za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiyefunzwa.

Jambo moja linanikera kwa sababu linawaumiza watu: "Hata betri ikifa, litaenda kwa petroli tu." Kwenye haibridi za Toyota si kweli. Hakuna stata ya kawaida. Injini inazungushwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa. Pakiti likifa kabisa, injini haiwaki. Baadhi ya Honda za zamani zilikuwa na stata ya akiba, na huenda maneno hayo yalianzia huko. Ndiyo maana pia usiendelee kutembea kwa umeme petroli ikiisha. Ukiikausha betri kubwa, hata ukiongeza petroli inaweza kukosa nguvu ya kuiwasha injini.

Hatua ya 5: Betri ndogo

Nusu ya wanaonipigia simu kwamba "haibridi imekufa" wana tatizo la betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikiwa dhaifu, dashibodi inajaa taa za ajabu na READY haitokei. Ipime kwa multimita gari likiwa limezimwa: karibu 12.6 ni nzima, 12.0 imekwisha chaji. Gari likiwa READY isome takriban 14. Ikiwa imewekwa ndani ya buti, nunua ya aina ileile yenye bomba la kutolea hewa nje. Ukiazima umeme kutoka gari lingine, hakikisha mara mbili chanya na hasi, kwa sababu kugeuza nyaya kunaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa. Usitumie haibridi yako kuwashia gari la mwenzako.

Hatua ya 6: Breki, maji, na mengineyo

Pedi hudumu muda mrefu sana kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, lakini kwa kutotumika sana diski hupata kutu na kalipa hukwama. Fungua tairi utazame. Ukisikia pampu ya breki ikinguruma kila baada ya sekunde chache bila wewe kukanyaga, usilichukulie jambo dogo; kifaa hicho ni ghali. Fungua boneti gari likiwa READY, tazama chupa ya maji ya inveta: maji yanapaswa kuchezacheza. Yakitulia tuli, pampu yake haifanyi kazi.

Hatua ya 7: Ukishalinunua

"Nikiwa kwenye foleni niweke N?" Hapana. Kwenye N betri haichaji kabisa. Kaa kwenye D, kanyaga breki.

"Mvua au kuosha gari kutanipiga umeme?" Hapana. Umeme mkubwa umetengwa na bodi, na ukizima gari swichi zake ndani ya pakiti zinaukata.

"Nikisafiri mwezi mzima?" Mwachie mtu aliwashe hadi READY angalau mara moja kila wiki mbili na aliache nusu saa, au alizungushe.

Kiyoyozi kikihitaji kujazwa, muulize fundi mapema anatumia oili gani. Kompresa ya haibridi nyingi inaendeshwa kwa umeme mkubwa na inahitaji oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ikiingia, gari huanza kulalamika kwamba umeme unavuja, na kusafisha mfumo wote ni kazi kubwa. Fundi akisema oili zote ni sawa, chukua ufunguo wako.

La mwisho ni feni ya betri. Betri inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayoingia kupitia tundu la pembeni au chini ya siti ya nyuma. Usilizibe kwa mizigo, nguo wala siti ya mtoto, na siku za joto washa kiyoyozi hata kama uko peke yako, maana hewa unayopumua wewe ndiyo inayopumua betri. Gari la pili tulilomnunulia shemeji lilipita majaribio yote, lakini joto la betri lilipanda haraka kuliko nilivyopenda. Jumamosi iliyofuata tulifungua kifuniko cha tundu, tukatoa feni, tukakuta mabawa yamejaa nywele na vumbi lililogandamana kama blanketi. Tuliisafisha kwa brashi laini na hewa, bila maji, tukarudisha. Tulipolizungusha tena njia ileile, joto lilipanda polepole na feni haikusikika. Sasa anaifungua kila anapobadilisha oili ya injini.